Mahakama ya polisi Ufaransa: namna ya kupinga faini, kusikilizwa na kukata rufaa

Kesi za mahakama ya polisi nchini Ufaransa mara nyingi hupotea kabla hakimu hajaziona. Mtu analipa faini siku ileile ili yaishe, kumbe kwa kulipa amekiri kosa. Mwingine anaacha bahasha mezani hadi siku zinapita, na mwingine anaandika barua ndefu ya malalamiko lakini hasemi anapinga nini. Sheria yenyewe si ngumu sana. Kinachowaangusha watu ni siku na karatasi, na ndiyo maana kila hatua hapa chini imeandikwa pamoja na muda wake. Majina ya Kifaransa nimeyaacha kama yalivyo pale utakapoyakuta yamechapwa kwenye barua, uyatambue ukiyaona.

Mahakama hii ni ipi hasa

Sheria ya Ufaransa inagawa makosa ya jinai katika makundi matatu. Makubwa kabisa ni *crimes*, ya kati ni *délits*, na madogo ni *contraventions*. Tribunal de police, yaani mahakama ya polisi, husikiliza hayo madogo. Jina lisikutishe: haimo ndani ya kituo cha polisi, na anayehukumu si askari. Ni hakimu mmoja, raia, anayeketi katika tribunal judiciaire (mahakama ya kawaida ya ngazi ya kwanza) ya eneo lako au tawi lake, akiwa na karani wake (*greffier*). Tangu Julai 2017, mahakama ndogo za ujirani zilipofutwa, makosa madogo ya madaraja yote matano yanakuja hapa.

Anayeendesha mashtaka hutegemea daraja la kosa. Daraja la 1 hadi la 4 huendeshwa na *officier du ministère public*, ambaye kwa kawaida ni kamishna wa polisi. Daraja la 5 huendeshwa na ofisi ya mwendesha mashtaka wa Jamhuri. Huyo wa kwanza mkumbuke, maana barua yako ya kupinga itatua mezani kwake kabla ya kufika popote.

Faini ya juu kwa daraja la 1 ni yuro 38, la 2 yuro 150, la 3 yuro 450, la 4 yuro 750 na la 5 yuro 1,500. Hiyo ya 5 huweza kufika 3,000 kwa aliyerudia kosa, pale kanuni inaposema hivyo. Kifungo hakuna. Lakini leseni ya udereva inaweza kusimamishwa, na kwa anayeishi kwa usukani hilo ni zito kuliko pesa.

Makosa ya barabarani ndiyo mengi, ila si peke yake. Makelele ya usiku, kutupa taka mtaani, na kumpiga mtu bila kumwachia majeraha ya kumzuia shughuli zake, yote huishia hapa. Kusafiri kwenye treni au metro bila tiketi kuna njia yake: malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni ya usafiri.

Maegesho ya kulipia hayamo tena. Tangu tarehe 1 Januari 2018, asiyelipia maegesho hutozwa *forfait post-stationnement*, ambayo si adhabu ya jinai. Hiyo hupingwa kwanza kwa manispaa ndani ya mwezi 1, kisha mbele ya mahakama maalumu iliyoko Limoges. Ukiipeleka mahakama ya polisi unapoteza muda wako. Kuegesha mahali pa hatari au pa kuziba njia kumebaki kuwa kosa la jinai, kwa hiyo angalia kichwa cha karatasi kabla ya lolote.

Hatua ya 1: soma karatasi kabla ya kugusa pochi

Barua ya kwanza huwa na kichwa *Avis de contravention*. Tafuta vitu vitano: tarehe barua ilipotumwa (si uliyoipokea), mahali na saa ya kosa, kifungu cha sheria, daraja la kosa, na namba ya gari. Kosa la herufi moja katika jina la mtaa halitakuokoa. Namba ya gari isiyo yako inaweza kukuokoa.

Kisha tazama viwango. Makosa mengi ya barabarani hutozwa faini ya papo kwa papo, *amende forfaitaire*, yenye bei tatu. Kwa daraja la 4 ni yuro 90 ukiwahi, 135 kwa kawaida, na 375 ukichelewa. Daraja la 3 ni 45, 68 na 180. Daraja la 2 ni 22, 35 na 75. Bei ya kuwahi hudumu siku 15 tangu barua itumwe, au siku 3 kama ulikabidhiwa mkononi. Bei ya kawaida hudumu siku 45. Anayelipa kwa mtandao huongezewa siku 15, na hapo ndipo watu hunaswa: nyongeza hiyo ni ya kulipa, si ya kupinga. Siku za kupinga hubaki 45.

Sasa amua, na uamue kwa utulivu. Ukilipa, umekiri, kesi imekwisha, na pointi za leseni (alama zinazopungua kwa kila kosa, na zikiisha leseni hupotea) zitakatwa. Ukipinga, bei nafuu imekwenda, na hakimu akikukuta na hatia hawezi kukutoza chini ya faini ya kawaida. Kwa makosa ya kamera, kiwango hicho cha chini huongezwa asilimia 10. Juu anaweza kupanda hadi kikomo cha daraja, yaani yuro 750 kwa daraja la 4, na kuna ada ya mahakama ya yuro 31. Kwa maoni yangu, asiye na ushahidi wowote na ambaye pointi hazimsumbui afadhali alipe. Aliyebakiwa na pointi chache, au ambaye kweli hakutenda, ana sababu nzuri ya kuendelea.

Hatua ya 2: barua ya kupinga

Jina lake ni *requête en exonération*. Hupelekwa kwa mtandao kupitia tovuti ya ANTAI, wakala wa serikali unaoshughulikia faini hizi, au kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, kwa anwani iliyochapwa kwenye karatasi yako. Ukituma kwa posta, weka ndani *avis* yenyewe, ile halisi, pamoja na fomu iliyojazwa. Kabla ya kufunga bahasha piga nakala ya kila ukurasa, na risiti ya posta uihifadhi hadi kesi iishe kabisa.

Fomu ya makosa ya kamera ina njia tatu. Ya kwanza ni ya gari lililoibwa, kuharibiwa au kuuzwa, au namba iliyoigizwa; hapo ambatisha hati ya polisi au ya mauzo. Ya pili ni ya kumtaja aliyekuwa akiendesha. Ya tatu ni ya sababu nyingine yoyote, na hii hudai uweke dhamana kwanza, *consignation*, yenye thamani ya faini. Dhamana si malipo, haikati pointi, na ukishinda hurudishwa. Ila ukiisahau, barua yako itarudi bila kusomwa.

Katika maelezo, andika kwa Kifaransa na kwa ufupi. Sentensi moja hii lazima iwemo: « Je conteste avoir commis l'infraction et je demande à être entendu par le tribunal de police. » Inasema unapinga kosa na unataka kusikilizwa na mahakama. Baada yake toa sababu, na vielelezo vyenye namba. Barua inayosema tu "sina pesa" au "naomba huruma" haipingi chochote, na itachukuliwa hivyo.

Suala la nani alikuwa kwenye usukani linahitaji uangalifu. Kwa makosa kama mwendokasi uliopigwa na kamera au taa nyekundu, mwenye jina kwenye kadi ya usajili wa gari ndiye anayedaiwa faini hata kama dereva hakutambulika. Raia wa kawaida halazimiki kumtaja dereva. Akithibitisha kwamba si yeye aliyekuwa akiendesha, mahakama humwachilia kosa, na asipojulikana aliyeendesha inaweza kumtaka alipe faini kama mwenye gari. Katika hali hiyo hakuna pointi inayokatwa, kwa sababu hakuhukumiwa kama dereva. Kwa kampuni ni tofauti: mkurugenzi asiyemtaja dereva ndani ya siku 45 ametenda kosa jipya la daraja la 4.

Na kama siku zilishapita? Utapokea *Avis d'amende forfaitaire majorée*, ile faini iliyopanda. Hapo unaandika *réclamation* ndani ya siku 30 tangu barua hiyo itumwe. Kwa makosa ya barabarani, ikiwa ilitumwa kwa rejista kwenye anwani iliyo kwenye kadi ya gari, mlango hufungwa kabisa baada ya miezi 3, hata kama hukuiona kwa macho yako. Anayehama nyumba bila kubadili anwani kwenye kadi ya gari hujifungia mlango huo mwenyewe. Aliyeamua kulipa tu ajue kwamba akilipa ndani ya siku 30 hupunguziwa asilimia 20, yaani 375 inakuwa 300.

Hatua ya 3: barua iko kwa officier du ministère public

Ana njia tatu halali: kuifuta kesi, kuipeleka kwa hakimu bila kikao, au kukuita kikaoni. Kukataa barua yako anaweza tu kwa sababu za utaratibu: haina maelezo, haina hati halisi, au dhamana haikuwekwa. Kukuandikia kwamba "kosa limethibitika, lipa" si kazi yake, maana anayepima hatia ni hakimu. Hili limepiganiwa kweli. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliihukumu Ufaransa tarehe 21 Mei 2002 na tena tarehe 8 Machi 2012 kwa watu kunyimwa njia ya kufika kwa hakimu namna hii. Baraza la Katiba la Ufaransa nalo lilisema tarehe 29 Septemba 2010 kwamba uamuzi wa ofisa huyo wa kukataa barua lazima uweze kupingwa mahakamani.

Kwa hiyo ukijibiwa kwa fomu fupi isiyo na sababu ya utaratibu, usikate tamaa. Andika tena kwa rejista, kumbusha kwamba barua ilikuwa na maelezo na hati zote, omba kesi ipelekwe mahakamani, na eleza kwamba vinginevyo utaufikisha uamuzi huo mbele ya mahakama ya polisi.

Huku ukingoja, jua kwamba kosa dogo hupitwa na wakati baada ya mwaka 1 bila hatua ya mashtaka. Kila hatua halali ya mashtaka huanzisha mwaka huo upya. Usilitegemee kama mkakati, lakini kikaoni kagua tarehe.

Hatua ya 4: ukipokea ordonnance pénale

Huu ni uamuzi wa hakimu uliotolewa kwa kusoma jalada tu, bila wewe kuwepo. Huja kwa barua ya rejista na hueleza faini uliyotozwa. Watu wengi hudhani ndiyo hukumu ya mwisho. Sivyo. Una siku 30 tangu barua itumwe kuweka *opposition*, yaani pingamizi, na ukifanya hivyo uamuzi ule huwekwa kando na kesi inasikilizwa upya kikaoni kama kawaida. Ikiwa hukuipokea kweli barua hiyo, siku 30 huanza kuhesabiwa siku ulipopata habari.

Pingamizi ni haki bora iliyomo katika utaratibu huu wote, kwa sababu haidai ueleze sababu. Ina hatari moja: hakimu wa kikaoni hafungwi na kiwango cha kwanza na anaweza kutoza zaidi. Unaweza kuiondoa wakati wowote kabla mjadala haujafunguliwa, na ordonnance ikarudi kuwa na nguvu.

Hatua ya 5: wito na maandalizi

Wito, *citation*, huletwa na *commissaire de justice*, jina jipya la huissier, mjumbe wa mahakama, tangu Julai 2022. Kati ya siku ya kuletwa na siku ya kesi lazima zipite angalau siku 10 kwa anayeishi Ufaransa bara. Anayeishi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya huongezewa mwezi 1, na anayeishi nje ya Umoja huo miezi 2. Msomaji aliyeko Dar es Salaam, Muscat au Bukavu ambaye aliendesha gari Ufaransa akaondoka, muda wake ni huo wa mwisho.

Wakili si lazima. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, unaweza kuwakilishwa na wakili au na mtu uliyempa hati maalumu ya uwakilishi inayoitaja kesi hiyo. Mwenye kipato kidogo aombe *aide juridictionnelle*, msaada wa kisheria wa serikali, mapema na si wiki ya kesi.

Usiyefahamu Kifaransa vizuri una haki ya mkalimani bila malipo. Andikia *greffe*, yaani ofisi ya karani wa mahakama, mara upatapo wito, utaje lugha, *swahili*, na ueleze kama ni Kiswahili cha Kongo au cha pwani, maana mkalimani asiyekuelewa vizuri anaweza kukuharibia kesi bila kukusudia. Usijitie kuelewa kwa aibu. Maswali ya hakimu huwa mafupi, na jibu la "oui" lisilo mahali pake huingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Omba nakala ya jalada. Ndani kuna *procès-verbal*, ripoti ya askari, na hiyo ndiyo kesi nzima ya upande wa mashtaka. Kifungu cha 537 cha Code de procédure pénale, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kinasema ripoti hiyo huaminiwa hadi ipingwe kwa ushahidi kinyume, na ushahidi huo hukubaliwa kwa njia mbili tu: maandishi au mashahidi. Kisome mara mbili. Maana yake ni kwamba "mimi sikufanya" haitoshi, hata ukisema kwa kiapo cha mama yako. Unahitaji karatasi, au mtu aliyeona.

Tuseme umeshtakiwa kwa kushika simu ukiendesha. Orodha ya simu kutoka kampuni yako ya mawasiliano inaonyesha hukupiga wala kupokea dakika ile, lakini kosa ni kushika, si kuongea, kwa hiyo orodha hiyo inasaidia nusu tu. Abiria aliyekaa kando yako na kuona kwamba ulishika kitu kingine ni bora zaidi. Mlete mwenyewe aape mbele ya hakimu. Barua yake iliyosainiwa nyumbani ina uzito mdogo, na kuna hatari isichukuliwe kuwa ushahidi wa shahidi.

Kagua pia kama ripoti yenyewe imekamilika. Ina nguvu tu ikiwa imefuata utaratibu na aliyeiandika ameeleza alichokiona au kukisikia mwenyewe. Ripoti isiyosema gari lilikuwa wapi, au isiyotaja kipimo cha mwendo kilikaguliwa lini, ina pengo la kuuliza.

Hoja zako ziandike kwa Kifaransa kwenye karatasi iitwayo *conclusions*, itie saini, na uikabidhi kwa karani kikaoni aigonge muhuri. Naisisitiza hatua hii kuliko nyingine zote. Hoja ya mdomo inaweza kupuuzwa na isibaki alama yoyote. Hoja iliyogongwa muhuri hakimu analazimika kuijibu katika hukumu, na asipoijibu umepata sababu ya kwenda juu.

Hatua ya 6: siku ya kesi

Fika mapema na ujiandikishe kwa karani au mhudumu wa mahakama mlangoni. Kikao ni cha wazi, kesi huwa nyingi, na kwa desturi wenye mawakili hutangulia. Kaa ndani usikilize kesi za wengine. Baada ya tatu au nne utajua hakimu huyo hupenda kuuliza nini.

Ukiitwa, simama mbele. Hakimu huitwa *Monsieur le Président* au *Madame la Présidente*. Atathibitisha jina lako, atasoma shtaka na kukukumbusha haki ya kujieleza, kujibu au kunyamaza. Kama una hoja ya dosari za utaratibu, mfano wito uliotolewa chini ya siku 10 au ripoti isiyo na saini, iseme hapo hapo, kabla ya kuzungumzia kosa lenyewe. Ukianza kusimulia ilivyokuwa kisha ukakumbuka dosari, umechelewa. Sheria haikusikilizi tena kwa hoja hiyo.

Halafu huja maswali, mashahidi, mlalamikaji anayedai fidia kama yupo, kisha mwendesha mashtaka anapendekeza adhabu. Wewe au wakili wako mnazungumza baada yake, na neno la mwisho ni lako kisheria. Litumie kwa jambo moja lenye maana: kazi unayoihitaji leseni kwayo, au kielelezo ambacho hakikujibiwa. Beba pia hati za mshahara na madeni, kwa sababu faini hupimwa pia kwa kipato.

Hakimu anaweza kukuachilia (*relaxe*), kukuhukumu, au kukuona na hatia lakini akakusamehe adhabu kama madhara yamelipwa na usumbufu umekwisha. Anaweza kutamka palepale au kuahirisha hukumu hadi tarehe fulani. Tarehe hiyo iandike mbele yake, maana siku za rufaa zitaanza kuhesabiwa kuanzia hapo, uwepo usiwepo.

Hatua ya 7: tambua aina ya hukumu

Ulikuwepo au uliwakilishwa: hukumu ni *contradictoire*, na siku zinaanza kutamkwa kwake. Ulipata wito mkononi lakini hukuja bila sababu nzuri: ni *contradictoire à signifier*, na siku zinaanza utakapoletewa rasmi. Hukupata wito kabisa: ni *par défaut*, na unaweza kuweka pingamizi mbele ya mahakama ileile ndani ya siku 10 tangu uletewe, au mwezi 1 kama unaishi nje ya Ufaransa bara. Pingamizi ni bora kuliko rufaa hapo, kwa kuwa unapata kusikilizwa mara ya kwanza bila kupoteza ngazi ya pili. Kwa aliyepinga ordonnance pénale kisha asije kikaoni, hakuna pingamizi la pili.

Hatua ya 8: je, una haki ya rufaa?

Si kila hukumu hukatiwa rufaa. Kifungu cha 546 cha sheria ileile kinamruhusu mshtakiwa katika hali hizi: kosa ni la daraja la 5, hata faini ikiwa ndogo, au leseni imesimamishwa, au faini uliyotozwa inazidi yuro 150, au umeamriwa kulipa fidia. Angalia hesabu ya faini: yuro 150 kamili hairuhusu rufaa, 151 inaruhusu. Kosa la daraja la 4 lililotozwa yuro 140 halina rufaa. Linaloweza kufuata ni Cour de cassation tu, mahakama ya juu kabisa. Ndiyo maana kesi ndogo kabisa zinahitaji hoja zilizoandikwa tangu mwanzo: hakuna atakayesikiliza ushahidi wako mara ya pili.

Hatua ya 9: kukata rufaa

Una siku 10. Siku ya hukumu haihesabiwi. Hukumu ikitamkwa Jumanne tarehe 3 Machi 2026, siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 4 na ya mwisho ni Ijumaa tarehe 13. Ikitamkwa Jumatano tarehe 4, siku ya kumi inaangukia Jumamosi tarehe 14, na kwa sababu hiyo muda husogezwa hadi Jumatatu tarehe 16. Usingoje siku hiyo.

Rufaa hutamkwa kwenye *greffe* ya mahakama iliyotoa hukumu, si kwenye mahakama ya rufaa. Unakwenda mwenyewe na kitambulisho, au wakili, au mtu mwenye hati maalumu ya uwakilishi, na karani anaandika tamko ambalo mnalitia saini. Barua haifai, hata ya rejista. Hapa ndipo rufaa nyingi hufa: mtu ameandika vizuri, amewahi, amelipa posta, na rufaa inatupwa kwa sababu hakuna tamko lililosainiwa kwa karani. Aliyeko gerezani kwa jambo jingine hutoa tamko kwa mkuu wa gereza.

Katika tamko hilo sema unapinga nini: hatia na adhabu, adhabu peke yake, au fidia. Toa anwani unayoishi kweli, maana wito wa rufaa utapelekwa hapo. Omba nakala ya tamko kabla ya kuondoka.

Ukikata wewe peke yako, mahakama ya rufaa haiwezi kukuongezea adhabu. Lakini upande mwingine ukiona umekata, una siku 5 zaidi za kukata rufaa yake, na mwendesha mashtaka akifanya hivyo kinga hiyo huondoka. Rudi greffe uulize kama ametamka. Huku ukisubiri, hukumu kwa kawaida haitekelezwi.

Mbele ya cour d'appel, yaani mahakama ya rufaa, kesi husikilizwa na hakimu mmoja, rais wa chumba cha rufaa za jinai, na faili zima hufunguliwa upya: ukweli na sheria. Peleka conclusions mpya zinazoonyesha hakimu wa kwanza aliacha kujibu nini, na shahidi wako umlete tena. Hoja za dosari za utaratibu ambazo hukuzisema katika mahakama ya polisi hutaruhusiwa kuzianzisha hapa. Ada ya ngazi hii ni yuro 169 kwa atakayehukumiwa.

Hatua ya 10: Cour de cassation

Hii, iliyoko Paris, haisikilizi tena nani aliona nini. Chumba chake cha jinai huangalia jambo moja, kama sheria ilifuatwa. Unaifikia dhidi ya hukumu ya cour d'appel, au moja kwa moja dhidi ya hukumu ya mahakama ya polisi isiyo na rufaa. Muda ni siku 5 kamili tu, na tamko, *pourvoi*, hufanywa kwa karani wa mahakama iliyotoa hukumu, kama ilivyo kwa rufaa. Nenda kesho yake.

Aliyehukumiwa anaweza kuandika hoja zake mwenyewe, *mémoire personnel*, akazitia saini na kuziwasilisha kwa karani huyo ndani ya siku 10 baada ya tamko. Taja kifungu kilichovunjwa na sehemu ya hukumu ilipokivunja: hakimu hakujibu hoja iliyogongwa muhuri, alikataa ripoti au aliipokea kinyume cha kifungu cha 537, alitoza faini kupita kikomo cha daraja. Kueleza upya kwamba taa ilikuwa ya njano hakutasomwa. Ukiona hoja yako ni ya namna hiyo, usitumie nguvu zako huko.

Hukumu ikishakuwa ya mwisho, anayelipa ndani ya mwezi 1 tangu itamkwe hupunguziwa asilimia 20 ya faini na ada. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aiandikie ofisi ya hazina iliyotajwa kwenye karatasi ya malipo, aombe awamu kabla ya tarehe kupita, na aambatishe hati za kipato. Pointi hukatwa wakati huo, si kabla. Aliyeachiliwa ambaye aliweka dhamana adai irudishwe, akiambatisha nakala ya hukumu.